Habari za Sikukuu ya Mtakatifu Ubaldo, na Mizigo ya Wazee Wetu

(Maneno haya yalisomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wazee, walimu na wenyeji wa vijiji, karibu na Tabora. Tumeyachapa kama alivyoyasoma.)



Nimeombwa kuwasimulia habari za safari yangu ya Ulaya. Najua ya kuwa mmekwisha kuwasikia wasafiri wengi, nao husimulia urefu wa majumba, wingi wa magari na ukali wa baridi. Mambo hayo sitayarudia, kwani hata mtoto asiyepata kuvuka mto wa kijiji chake amekwisha kuyaona katika picha. Mimi nataka kuwasimulia habari za siku moja tu, tarehe 15 Mei, 2024, katika mji mdogo uitwao Gubbio, nchi ya Italia. Na nikimaliza habari za mji ule nitarudi huku kwetu, niseme neno juu ya kosa langu mwenyewe, ambalo matunda yake machungu wengi wenu mmeyaonja. Basi nawaomba mnichukulie hata mwisho.

Mwaka ule nalipelekwa Perugia, mji mkuu wa jimbo la Umbria, nikajifunze Kiitaliano muda wa miezi mitatu, kwa sababu katika ofisi ninayofanyia kazi huletwa barua nyingi za lugha hiyo. Mjini Perugia kipo chuo kikuu kilichowekwa kwa ajili ya wageni wanaotaka kujifunza lugha na desturi za Italia, nami nalikaa darasani pamoja na watu wa mataifa mengi. Mwalimu wetu, mama mtu mzima, alituambia siku moja ya kuwa atakaye kuwajua Waitalia na afunge kitabu chake, aende Gubbio tarehe 15 Mei, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Ubaldo. Nikaona shauri lake ni jema. Siku ile ilipowadia nalipanda basi mapema, nikapita vilima vingi, hata nikafika.

Mji ule umejengwa kwa mawe ya rangi ya kijivu, ubavuni mwa mlima uitwao Ingino. Njia zake ni nyembamba na za kupanda, na nyumba zake zimesimama moja juu ya mgongo wa nyingine, kama mbuzi waliopanda jabali. Katikati pana kiwanja kikubwa mbele ya jumba la kale la mabaraza, na ndani ya jumba hilo huhifadhiwa mabamba 7 ya shaba yenye maandishi ya ibada za watu waliokaa pale kabla ya Ukristo. Na juu kabisa mlimani, kama mita 300 kupita mji, liko kanisa ulimolazwa mwili wa Mtakatifu Ubaldo.

Huyo Ubaldo alikuwa nani? Alikuwa mwenyeji wa Gubbio, akawa askofu wa mji ule tangu mwaka 1129 hata alipokufa tarehe 16 Mei, 1160. Mapokeo yasema ya kuwa mwaka 1155, Kaisari Friedrich aitwaye Barbarossa alipokaribia na majeshi yake, Ubaldo alimwendea akamtuliza, na mji ukapona. Walakini habari wanayoipenda wenyeji ni nyingine, tena ndogo. Wasema siku moja waashi waliokuwa wakitengeneza ukuta wa mji waliliharibu shamba la mizabibu la askofu. Akaenda kuwaonya kwa upole. Mnyapara wa kazi akakasirika, akamsukuma, askofu akaanguka katika chokaa mbichi. Akainuka, akajipangusa, akarudi nyumbani kwake asiseme neno. Watu walipopata habari wakaghadhibika, wakataka mnyapara yule afukuzwe mjini na mali yake itwaliwe. Ubaldo akasema kwamba shauri hili ni lake yeye kulihukumu. Mnyapara akaletwa, naye akakiri yu tayari kwa adhabu yo yote. Askofu akambusu busu la amani, akamwombea kwa Mungu, na shauri likaisha hapo. Basi liwekeni neno hili moyoni, maana tutalihitaji: leo, baada ya miaka zaidi ya 800, watu wanaomchukua Ubaldo mabegani siku ya sikukuu yake ni waashi.

Sasa nieleze wanachochukua. Kipo kitu wanachokiita kwa lugha yao cero, yaani mshumaa mkubwa, lakini si mshumaa tena. Mfano wake ni kama ngoma mbili ndefu za mbao, zenye pande nane, zilizopandanishwa moja juu ya nyingine, na juu yake husimamishwa sanamu ya mtakatifu. Kwa urefu hupita watu wawili waliopandana mabegani, nami kwa ajili ya urahisi nitaiita minara. Kila mnara hufungwa juu ya machela ya miti mizito, na wanaume huingiza mabega yao chini ya miti hiyo. Uzito wake ni karibu kilo 280, yaani kwa kipimo cha wazee wetu ni frasila 17 au 18.

Minara ni mitatu. Wa kwanza ni wa Mtakatifu Ubaldo, nao huchukuliwa na waashi; shati zao ni za rangi ya manjano. Wa pili ni wa Mtakatifu Joji, huchukuliwa na wafanya biashara. Shati zao ni za buluu. Wa tatu ni wa Mtakatifu Antonio Abate, huchukuliwa na wakulima. Shati zao ni nyeusi. Wote huvaa suruali nyeupe, na mshipi mwekundu kiunoni, na kitambaa chekundu shingoni. Siku hizi si lazima mchukuzi awe mwashi au mkulima kweli, kwani kijana hufuata mnara wa baba yake na wa babu yake. Kila mnara una mkuu aitwaye capodieci, maana yake mkuu wa watu kumi. Sisi tungemwita mnyapara, au tungemwita kwa jina lile la zamani la misafara, kirangozi.

Waliniambia ya kuwa ngoma zilipigwa tangu alfajiri. Nilipoingia kiwanjani nalikuta watu wamejaa, hata mtu akiinua mkono hapati nafasi ya kuushusha. Juu ya jumba iko kengele kubwa, na wapigaji wake huisukuma kwa miguu, wamekaa kama watu wanaokanyaga mvukuto. Ilipokaribia saa 6 mchana minara ililetwa imelazwa. Kila mkuu akapanda juu ya machela na mtungi wa maji, akayamwaga maji, na mara ile ile minara ikasimamishwa, na mitungi ikatupwa hewani katikati ya watu. Ilipovunjika, watu waliinama kugombea vigae, kwani kigae cha mtungi ule huwekwa nyumbani kwa ajili ya baraka. Mimi sikupata hata kipande.

Halafu ikatokea desturi ambayo sikuitazamia. Kabla ya mbio za jioni kila mnara hupelekwa peke yake katika njia za mji, ukazungushwa mbele ya nyumba za watu. Nikadhani watasimama mbele ya matajiri. La, walisimama mbele ya nyumba za wachukuzi wa zamani: mzee asiyeweza tena kushuka ngazi, au mjane wa mtu aliyetoa bega lake miaka mingi. Mzee huletwa dirishani, mnara huzungushwa chini yake, vijana wakipaza sauti, naye hupunga mkono huku machozi yanamtoka.

Mchana watu hula vyakula vya samaki, kwa kuwa ni siku ya mkesha, na milango ya nyumba nyingi hufunguliwa. Mimi nalivutwa mkono na mzee mmoja mkulima, mtu wa Mtakatifu Antonio, akaniketisha mezani kwake kati ya wanawe na wajukuu. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia natoka Tabora, mji wa bara katika Tanzania, uliokuwa zamani makutano ya njia za misafara: moja ya mashariki kwenda Bagamoyo, moja ya magharibi kupita Uvinza penye chumvi hata Ujiji, na moja ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Akaniuliza tena: wazee wangu walifanya kazi gani katika njia hizo?

Hapo, ndugu zangu, nalisema uwongo. Nikamwambia walikuwa wafanya biashara.

Mzee akaitika kwa adabu. Kisha akafungua ukosi wa shati lake jeusi, akanionyesha bega. Palikuwa na sugu, ngozi ngumu iliyoinuka kama kisigino cha mtu aendaye miguu mitupu. Akasema aliipata chini ya machela ya Mtakatifu Antonio, na baba yake alikuwa nayo, na babu yake vile vile. Katika nyumba ile sikuona kitu kilichoonewa fahari kuliko sugu ile.

Nami nikakumbuka bega jingine. Babu yangu mzaa baba alikuwa akinisimulia ya kuwa baba yake alikuwa mpagazi katika misafara ya mwisho mwisho, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Alichukua mizigo hata pwani na kurudi. Babu alipokuwa mtoto hupenda kutia kidole chake katika sugu ya bega la baba yake, akauliza kama yauma, naye hujibu kwamba haiumi tena. Nilipokuwa shuleni niliisimulia habari hii mbele ya wenzangu, nao wakacheka, wakaniita mjukuu wa punda. Tangu siku hiyo sikuisimulia tena. Nilisoma, nikapata kalamu, nikafurahi ya kuwa bega langu ni laini.

Kabla sahani hazijaondolewa mezani nalimwambia mzee yule kweli. Nikamweleza ya kuwa mzigo wa mpagazi wa Unyamwezi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na sufuria yake, mkeka wake na silaha yake. Na ya kuwa njia ya pwani ilikuwa kazi ya miezi, si ya siku, ikipita nyika ya Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa haba sana. Burton, Mwingereza aliyeondoka pwani mwezi wa Juni 1857, hakufika Kazeh, ndiyo Tabora, ila mwezi wa Novemba. Mzee alinyamaza kitambo, akawageukia wajukuu zake, akawaambia ya kuwa wao hukimbia jioni moja tu, kisha hujisifu mwaka mzima. Wote wakacheka, na mimi pamoja nao. Akaweka mkono wake juu ya bega langu laini, asiseme zaidi.

Nikapata ujasiri, nikamwuliza neno lililonishangaza tangu asubuhi. Mbio za Gubbio hazifanani na mbio nyingine, kwa kuwa mshindi anajulikana kabla hazijaanza. Ubaldo hutangulia, Joji hufuata, Antonio huja nyuma. Imekuwa hivyo miaka yote, wala hakuna ruhusa ya kumpita aliye mbele. Nikamwuliza: Baba, wewe umetumika chini ya mnara wa tatu, na baba yako alikuwa wa tatu, na huyu mjukuu wako atakuwa wa tatu. Wakimbilia nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto. Akasema ya kuwa nafasi si kazi ya mchukuzi. Kazi ya mchukuzi ni mnara usianguke, usiinamie upande, wala nafasi isipanuke kati yake na wa mbele. Anayeachwa nyuma huona haya. Lakini wa tatu aliyeufikisha mnara wake umesimama wima, huyo amekwisha kushinda, maana alishindana na mlima.

Jioni ilipokaribia saa 12, Askofu alikuja katika maandamano akaibariki minara, na mbio zikaanza. Ndugu zangu, siwezi kuwaeleza sawasawa. Minara ile ilishuka njia ya mteremko kama miti inayokimbia yenyewe. Ikapita mjini, ikapumzika, ikazunguka kiwanja mara tatu, kisha ikashika njia ya mlima. Hakuna mtu awezaye kukimbia na mzigo ule kwa muda mrefu, kwa hiyo wachukuzi wengine wamepangwa njiani kila hatua chache. Mnara unapofika, kijana mpya huingia mbioni, akatia bega mahali bega la mwenziwe linapotoka, na mnara hausimami hata kidogo. Nalitazama kwa makini nione ni nani alitoka na ni nani aliingia, nisiweze. Naliona mnara tu, unakwenda.

Huko juu, watu wa Ubaldo wakiisha kuingia, hujaribu kuufunga mlango wa kanisa kabla watu wa Joji hawajaingia. Na huo ndio mzaha na ubishi wao wa mwaka mzima. Kisha minara hubaki mlimani, na sanamu za watakatifu hurudishwa mjini usiku kwa nyimbo na mishumaa. Tarehe 2 Juni watoto wadogo hufanya mbio zao kwa minara midogo, wakifuata amri zile zile na mpango ule ule. Na watu wa Gubbio waliohamia Marekani, katika mji wa Jessup jimbo la Pennsylvania, waliichukua sikukuu yao pamoja nao, hata leo hukimbia huko.

Basi, nilipokuwa katika basi usiku nikirudi Perugia, nalijiuliza ni wapi nimepata kuisikia amri ile ya kutompita wa mbele. Nikakumbuka. Ni amri yetu. Katika misafara ya Unyamwezi kirangozi alitangulia mbele ya wote, amevaa nguo nyekundu, na kichwani manyoya, na bendera mkononi. Na Burton mwenyewe ameandika ya kuwa mtu ye yote aliyethubutu kumpita kirangozi njiani alitozwa faini. Kirangozi hakuwa tajiri wa msafara. Alikuwa mpagazi kama wao, naye alichukua mzigo kama wao. Nyuma yake walifuata wachukuzi wa pembe za ndovu, ambao ndio walioheshimiwa kupita wengine, na pembe zao zilifungwa kengele. Kisha wa nguo na shanga. Kisha wa vyombo. Kila mmoja alijua mahali pake. Kwa nini? Kwa sababu msafara usio na mpango hufa katika Mgunda Mkali.

Sisemi ya kuwa njia ile ilikuwa njia ya furaha. Mwalimu mmoja ameniuliza kabla ya mkutano huu kama nataka kuwasifia watu minyororo. Hasha! Si kila aliyechukua mzigo katika njia ile aliuchukua kwa hiari yake. Wapagazi wetu walifanya mapatano na kupewa ujira wa nguo; lakini katika njia hiyo hiyo walipita wanaume, wanawake na watoto waliotiwa kongwa shingoni, na wengi hawakufika. Ndiyo maana mwaka 2006 Serikali yetu iliiweka njia hii katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa ulimwengu, na jina lake humo ni njia ya watumwa na pembe. Mambo yote mawili ni kweli, na mtoto wa Tabora yampasa kuyajua yote mawili. Lakini kwa kuwa tunaona haya juu ya minyororo, tumeyafunika na mabega ya watu huru pamoja nayo, hata neno mpagazi limekuwa tusi. Hilo naona si haki.

Sasa nafika katika kosa langu.

Ninyi nyote mnakumbuka sikukuu ya Mtakatifu somo wa kanisa la kijiji chetu, mwaka 2021. Tangu zamani za wazee wetu, katika maandamano ya siku ile, watu wa kitongoji cha ng'ambo ya mto hutangulia na ngoma yao, na watu wa kitongoji chetu hufuata. Mwaka ule mimi nalikuwa karani wa sikukuu. Jamaa zangu walinijia usiku wakasema ya kuwa sisi tumetoa mchango mkubwa zaidi, na tena ng'ambo ya mto wamepungua, basi ni haki yetu kutangulia. Nami nikachukua kalamu, nikaandika kitongoji chetu kwanza, nikalipiga karatasi lile mhuri, nikalibandika mlangoni pa kanisa. Sikumwuliza mzee hata mmoja. Nalidhani karatasi lenye mhuri lina nguvu kuliko desturi.

Yaliyofuata mwayajua. Ngoma mbili zilikutana njiani, hakuna aliyempisha mwenziwe, ngoma moja ikapasuliwa, na mzee mmoja akaanguka akavunjika mkono. Tangu siku hiyo sikukuu haijafanyika tena. Na kama ingalikuwa sikukuu tu, ningalisema yatapita. Lakini mwaka 2023 babu yangu alikufa, yule aliyetia kidole katika sugu ya baba yake. Makaburi yetu yako mbali, na ng'ambo ya mto hawakuja. Tulikuwa wanaume sita chini ya jeneza, wala hapakuwa na wa kutupokea. Tulisimama mara saba njiani kulitua chini. Mtoto wa mpagazi, ambaye baba yake alipokewa mzigo na wenziwe kila alipochoka, alitua vumbini mara saba kwa sababu ya karatasi langu. Wazee husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile nalijua uzito wake.

Kumbukeni tena ya kuwa fitina ya njia haimfungi adui peke yake. Mwaka 1871 Mirambo na Waarabu wa Tabora walipopigana, njia ya Ujiji ilifungwa kwa wote, hata Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili amfikie Livingstone. Ndivyo ilivyo kwetu. Tulitaka kuwafungia ng'ambo ya mto njia ya mbele, tukajifungia wenyewe njia ya makaburini.

Kwa hiyo, mbele yenu wazee, natamka hivi. Karatasi lile la mwaka 2021 ninalo hapa mkononi. Nalilitoa katika jalada la sikukuu kwa ruhusa ya wenye kulitunza. Lilikuwa kosa, na kosa ni langu mimi niliyeandika, si la jamaa zangu walioniomba, kwa maana kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nawaomba radhi watu wa ng'ambo ya mto, na hasa mzee yule aliyeumia, ambaye namwona ameketi pale chini ya mwembe. Adhabu mtakayoipanga nitaipokea. Nami nalipasua sasa.

Baada ya hayo nina maombi matatu. La kwanza, wazee wa pande mbili wakae pamoja, waurudishe mpango wa zamani. Na sisi wa kitongoji chetu tukubali kufuata nyuma bila kununa. Mtu wa pili aliyefikisha ngoma yake salama hana upungufu. Na asiseme mtu ya kuwa kilichokwisha kukatika hakiungiki: Gubbio nako, mwaka 2020 na 2021, mbio hazikufanyika kwa ajili ya maradhi ya UVIKO-19, na mwaka 2022 wakaanza tena mahali walipoachia.

La pili, kabla ya sikukuu, na hata isipokuwapo sikukuu, mazishi yafanywe na pande zote mbili. Na wapangwe watu njiani wa kupokezana jeneza, hawa wakitoka wale waingie, lisiguse chini. Jambo hili si la Wakristo peke yao. Ndugu zetu Waislamu wametutangulia kwa desturi njema, kwani hugombania kutia bega chini ya jeneza hata la mtu wasiyemjua. Basi na tujifunze kwao, hapana haja ya kwenda mpaka Italia.

La tatu nawaomba walimu. Kila mtoto aandike katika daftari jina la mzee wa ukoo wake aliyepata kuchukua mzigo, iwe katika misafara, au katika vita vya mwaka 1914 hata 1918 ambavyo watu wetu wengi walitumwa kubeba mizigo ya majeshi. Na aandike alichukua nini, kutoka wapi, mpaka wapi. Wazee wanaoyakumbuka majina hayo wanapungua kila mwaka. Na siku ya sikukuu, ngoma zikizunguka, zisimame mbele ya nyumba za wazee wasioweza kutoka, ili nao waletwe mlangoni wasikie.

Ndugu zangu, nimesema mengi, na jua limeshuka. Mimi sikuleta zawadi kutoka Gubbio, maana hata kigae sikuokota. Nimeleta habari tu, na bega langu, ambalo ni laini kweli, lakini liko tayari. Atakapokufa mtu ng'ambo ya mto, Mungu amcheleweshe, nitumieni habari mapema. Nitakuja, nami nitasimama mahali mtakaponionyesha.